Antena ya Mzee Kuno

"Sasa?" Abdia aliuliza kutoka nyuma ya gari.

"Bado!" mzee Kuno akajibu. "Wewe unazungusha antena ama unakoroga uji?"

Ndani kulikuwa na joto la kumpika mtu. Lilikuwa gari la watalii, yale yenye kitanda na jiko ndani, na lilikufa hapo Minjila wakati wa mafuriko. Mwenyewe alichoka nalo, akamwachia mzee kwa madume mawili ya ng'ombe. Mto ulikuwa umebeba nyumba ya Kuno, basi akahamia humo na mwanawe, mkaza mwanawe, na TV ndogo ya sola.

Bati la gari huzuia mawimbi, kwa hiyo antena ilifungwa kwenye mlingoti mrefu nje. Fundi wake alikuwa Abdia. Siku nyingine huigusa mara moja tu, akaigeuza kidogo kuelekea Garsen, na picha inakuja safi mpaka unaona jasho la mtangazaji.

Leo nusu saa nzima, kioo cheusi na maandishi: hakuna mawimbi.

Na leo ndiyo siku yenyewe. Jana asubuhi Issack, mume wa Abdia, alichukua madume kumi ya baba yake kwenda kuuza Mombasa. Mzee hakutaka. Wakapigiana kelele mbele za watu, na Issack aliponyoosha mkono wa kuaga, baba yake aliuacha hewani. Jioni Issack alimpigia mkewe: waandishi wa TV wamewapiga picha wakipakia lori, watatokea habari za saa saba mchana.

Mzee alijifanya hasikii. Lakini leo ameoga mapema, amevaa kanzu na kofia. Akishauona uso wa mwanawe, basi, atampigia simu amwambie yamekwisha.

"Unaivalia TV kofia?" jirani yake Buya alimcheka. Huyu hulima ndizi kando ya mto, na TV yake ilikwenda na maji.

"Nyamaza. Mwanangu anikute kichwa wazi?"

"Hakuoni huyo, mzee! Wewe ndiye utakayemwona."

"Sasa, baba?" Sauti ya Abdia ilikuwa imekauka, kama ya mtu mwenye mafua.

"Bado! Na simu yangu iko wapi?"

"Inachaji, baba."

"Tangu asubuhi?"

"Sasa, baba?" Abdia aliita tena.

Buya akaangalia saa. "Saa saba hiyo. Wameanza."

Kuno akapiga ukuta wa gari ngumi, sufuria zikalia. "Ananikomoa huyu! Kwa sababu niligombana na mumewe! Anajua nataka kumwona, ndiyo maana ananinyima!"

"Pole pole, mzee. Pengine mnara ndio umeharibika."

"Mnara gani? Mnara uko hapo nje, umevaa buibui!"

Akachukua fimbo yake, akashuka, akazunguka nyuma ya gari huku akiuburura mguu wake mbovu.

Abdia alikuwa amekaa mchangani, ameyapa mgongo magurudumu. Mlingoti umeng'olewa. Antena imelala chini, waya umechomolewa. Na yeye, macho yakiwa barabarani, bado aliita kwa nguvu, "Sasa, baba?"

Kuno akainua fimbo.

Mkono wa mtu ukaidaka kwa nyuma, taratibu. Walikuwa wazee wanne wa msikiti wa Garsen, wametapakaa vumbi mpaka kwenye ndevu, wanahema.

"Mwache binti," alisema mkubwa wao. "Sisi ndio tuliomwambia akuzuie usione habari mpaka tufike. Kaa chini kwanza, Kuno."

Abdia akainuka haraka kumshika mkwewe asianguke. Mikono yake ilikuwa mitupu. Bangili zote alikuwa ameshazivua, kama afanyavyo mjane.