Milima Mipya ya Mgongoni

Walikuwapo kupe waliohamia mgongoni mwa ng'ombe mnono, wakazaana hadi pakakosekana pa kukanyaga. Mila yao ilikuwa moja: mwenye kuuliza sharti aung'oe mdomo kwanza. Basi hakuna aliyeuliza, isipokuwa Bi Kidawa, kupe asiyeamini hata kivuli chake.

Siku moja Jumbe wao alisimama, ametuna kama kunde iliyolowekwa. "Wananchi, nchi yetu inakua! Tazameni, kila upande inaota milima mipya!"

Bi Kidawa akang'oa mdomo. "Jumbe, milima hiyo mbona imepangana kama mbavu?"

"Husuda hiyo, Bi Kidawa. Wenzangu, nyonyeni!"

Wakanyonya. Kesho yake Jumbe akatangaza, "Hata ule mkia uliokuwa ukituchapa umesalimu amri! Na nchi imetulia tuli, haitutikisi tena!"

"Umesalimu amri, au umeishiwa nguvu?" Bi Kidawa aliuliza. Akaigusa ngozi, akaikuta baridi. "Jamani, jana nchi hii ilikuwa na joto. Tushukeni!"

Kupe wote walimsikia, lakini hakuna aliyemjibu, maana vinywa vilikuwa kazini. Bi Kidawa akajiangusha majanini peke yake.

Huko chini aliona kivuli kikitanda juu ya mgongo, akasikia sauti ya Jumbe ikishangilia: "Wingu hilo! Mvua ikinyesha, nchi itanona mara mbili!"

Bi Kidawa akalitazama lile wingu likishuka. Lilikuwa na mdomo uliopinda, na shingo isiyo na unyoya.