Utafiti wa Tumbusi

Zamani, wanyama walipokuwa bado wanawaamini wataalamu, tumbusi watatu walifungua kituo cha utafiti juu ya mti mkavu. Wakamletea Nyati, mkuu wa mbuga, ripoti nene iliyosema nyumbu wa ng'ambo ni hatari na wapigwe kabla ya masika.

"Mmewaona wakijiandaa?" Nyati akauliza.

"Hapana, Mheshimiwa, ila tumewachambua," akajibu Tumbusi mkubwa. "Vita vitakwisha asubuhi moja."

Nyati hakuwahi kubishana na msomi. Akaita majeshi.

Nungunungu, mlinzi wa kivuko, akainua mwiba mmoja kuomba nafasi. "Mkuu, hapa kwetu anayeijua njia ndiye hutangulia. Vita hivi hakuna anayevijua kama hawa mabwana. Basi watangulie, tena kwa miguu."

Tumbusi wakatazamana. Mkubwa wao akakohoa, akafunua ukurasa wa mwisho.

"Kuna kiambatisho," akasema. "Kinaonyesha kuwa nyumbu ni majirani wema."

"Mbona ukurasa wenyewe ni mweupe?" Nungunungu akauliza.

"Utafiti unaendelea."

Nyati akayarudisha majeshi nyumbani. Siku hiyo hakufa mnyama hata mmoja, na wataalamu wakalala njaa.