Costurera

Sista mzee alikuwa amesahau Kiswahili chote. Kilichobaki ni Kihispania cha kwao, na alimfokea kila aliyeingia chumbani.

"Mwambie 'costurera', mdogo wangu," mpishi alimnong'oneza Siwema mlangoni. "Maana yake fundi cherehani. Ukikaa kimya utarushiwa kikombe kama mimi."

Siwema, ambaye kutwa nzima hakuwa na wa kuongea naye, aliingia na gauni jipya mkononi.

"Costurera," alisema kwa sauti ndogo.

Sista akatabasamu. Akamshika mkono, akasimulia jambo refu, lenye kicheko katikati na machozi mwishoni. Kisha akamtazama, akingoja jibu.

Siwema hakuwa na neno la pili. Aliketi kitandani, akatunga uzi, akaanza kushona upya kifungo ambacho hakikuwa kimelegea.