Injini Tisa za Jamaludin

Injini ya nne ilipita chini ya pazia ikaingia ukumbini. Huku chumbani Jamaludin alibaki amepiga magoti juu ya mkeka, kidole kikimtoka damu kwa kuchomwa na bisibisi, asithubutu hata kukinyonya maana alikuwa amefunga. Aliomba jambo moja tu, isisimame katikati ya safari.

Ukumbini, mkewe Mahfoudha alikuwa amekaa kitini na tasbihi mkononi. Kando yake alikaa jirani yao Musyoka, dereva wa gari-moshi la kweli, ambaye Mahfoudha alimwita makusudi alipotoka zamu.

"Nataka mtu anayejua injini," alimwambia, "nisije nikaaibika mbele za watu."

Mambo yalianza siku kumi nyuma, Mahfoudha alipofungua kabati la vioo na kumwuliza mumewe injini zake za kuchezea ni ngapi. Tisa, alijibu kwa fahari. Na zinazokwenda? Hapo Jamaludin akashikwa na kikohozi.

Iliyokwenda ilikuwa moja. Alizinunua mojamoja kwa wazungu waliokuwa wakifungasha kurudi kwao uhuru usije ukawakuta, na kila moja alikuja nayo nyumbani kwa furaha, akaipanga rafuni, akaifuta vumbi kila Ijumaa, basi. Nane kati ya hizo kamani zake, zile springi za kutiwa ufunguo, zilikuwa zimekatika au kuliwa na kutu ya bahari. Alikuwa na wenzake wawili pale Changamwe wenye wazimu huohuo. Mmoja alikuwa na injini kumi na nne akiendesha mbili, mwingine alikuwa na sita na haendeshi hata moja, lakini hao hawakuoa Mahfoudha.

"Sikukuu haitalikuta kabati hili namna hii, babake Hafswa," mkewe alimwambia. "Nataka kujua zipi zinakwenda na zipi haziendi. Na nizione kwa macho yangu."

Jamaludin hakuhitaji kufafanuliwa. Katika nyumba ile, kitu kisichofanya kazi kiliishia kwa Fondo, fundi wa koroboi. Redio yake ya zamani ilipelekwa huko mwaka uliopita, na vipande vyake vya bati vilirudi vikiwa taa mbili, naye mwenyewe ndiye aliyeambiwa azitie utambi. Injini zile alizipenda, tena alizipenda kwa namna ambayo mtu mwenye wajukuu huona haya kuisema. Akiwaza mkasi wa Fondo ukipita juu ya zile rangi, hata daku ilikuwa haishuki.

Ndipo hila ilipomjia. Zote zilikuwa kazi ya kiwanda kimoja, na bodi ya kila moja ilishikwa na skrubu mbili tu. Akatandaza reli kutoka chumbani hadi ukumbini na kurudi, akamweleza mkewe kwamba chumbani ndiyo shedi, na shedi haingii mtu asiye na kazi nayo. Ile injini moja nzima ikirudi, aliivua bodi yake nyeusi akaivika ya kijani ya injini mbovu, akaitia ufunguo na kuitoa tena. Ikirudi, aliivua ya kijani akaivika ya buluu.

"Mbona inakawia?" Mahfoudha aliuliza kabla ya ile ya sita.

"Napasha moto," Jamaludin alijibu. Musyoka akamsaidia kueleza kwamba hata zile kubwa haziamki upesi.

Ya saba ilipopita, Musyoka akainama, akatega sikio.

"Bwana Jamaludin," akasema polepole, "hizi zako zote zinalia gurudumu la kushoto."

Jamaludin aliweka bisibisi chini. Akachungulia kwenye upenyo wa pazia. Musyoka alikuwa akimtazama macho kwa macho.

"Ni mafuta tu yamepungua," Musyoka akamalizia. "Hata zetu zinalia."

Papo hapo Jamaludin akamwekea nadhiri ya sinia zima la futari.

Alipokuwa akichungulia aliona jambo jingine. Kila injini ilipopita, midomo ya Mahfoudha ilicheza na punje moja ya tasbihi ikateremka. Kumbe mwenzake yumo katika dhikri, na yeye anamfanyia ujanja siku za mwisho za mfungo. Aliona aibu kweli, ila haikumzuia kufunga skrubu za ya nane, wala za ya tisa.

Ya tisa ilizunguka ukumbi ikalia gurudumu lake la kushoto na kurudi shedi. Mahfoudha akamgeukia Musyoka, akamwuliza kama kweli zimekwenda zote.

Musyoka alitazama pazia. Chini yake zilionekana nyayo za jirani yake, hazitulii.

"Zote tisa, Mama Hafswa. Nimeona na macho yangu."

"Alhamdulillahi," alisema Mahfoudha, akaiweka tasbihi mapajani. "Mbovu ningeziacha zikae kabatini na bwana wao, maana mtoto hapewi kitu kibovu siku ya Idi. Wajukuu wetu ni wanane, na hapa nilikuwa nikiwataja mmojammoja, hii ya fulani, hii ya fulani."

Nyuma ya pazia bisibisi ilianguka sakafuni.

"Na ya tisa ni ya binti yako Mueni, bwana Musyoka. Mwezi ukionekana leo, mlete kesho asubuhi, wazitie ufunguo wote tisa kwa pamoja."