Kiporo cha Nasra

Bi Arafa alikuja na hotpoti yake ya pilau, kama kawaida. Hakuwahi kuonja chakula cha Nasra, mke wa mwanawe. Jioni, wageni walipokuwa wakila mbavu za mbuzi alizochoma Nasra uani, yeye alikula pilau yake pembeni.

Asubuhi Nasra aliichambua nyama iliyobaki kwenye mifupa, akaiunga kwa nyanya na tui zito. Harufu ikamtoa Bi Arafa chumbani.

“Ndicho kiporo hicho, mwanangu?”

“Ndicho, mama. Nikupashie pilau yako?”

Bi Arafa aliwamwagia kuku pilau iliyobaki, akaiosha hotpoti, akaiweka mbele ya Nasra ikiwa wazi.

Nasra alichukua upawa, akachota bila haraka, akajaza mpaka mfuniko ukagoma kufunga.