Siku Jiko la Nta Lilipozimwa

Mwaka sabini na nne, siku mumewe alipofariki, Siwema alikaa uani kwake Kwihara akijiuliza iwapo wafanyakazi wenzake wa marehemu katika kiwanda cha nta wangekuja kumzika, kama chama chao cha kuzikana kilivyoahidi. Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wamepata nta ya bei rahisi kwingine, na meneja wa kiwanda alishaonya kwamba atakayeacha kazi hata siku moja asirudi.

Adhuhuri waliingia wote, nta ya njano imeganda vidoleni.

"Shemeji, jiko la kuyeyushia nta tumelizima," alisema katibu wa chama.

"Na meneja?"

"Tumemwachia mwiko, akoroge mwenyewe."

Siwema alicheka, akaziba mdomo kwa kanga.

Kiwanda kilifungwa mwaka uleule. Kila Shaabani, wanaume hao huja Kwihara kupalilia kaburi la mwenzao.