Binti wa Jumamosi

"Zaleha! Nani kakufundisha kula rendang kwa kijiko?"

Rosnani akaweka kijiko chini haraka, akanawa, akaingiza vidole kwenye wali. "Samahani, Mama."

"Samahani ya nini? Kula. Watu wa Padang, wenye chakula hiki, wakikuona watadhani nilikuokota njiani."

Mhudumu aliyekuwa akipanga vibakuli mezani akacheka. Vilikuwa kumi na viwili: rendang, nyama iliyopikwa kwa nazi mpaka mchuzi ukakauka, samaki wa manjano, mayai ya pilipili, kisamvu. Nje, mvua ya mji wa Taiping ilikuwa imeshaanza kazi yake ya kila mchana. Bi Kalsom, mwenye miaka sabini na sita, akavuta kibakuli cha kisamvu upande wake na kula kwa raha zake.

Rosnani hakuwa Zaleha. Zaleha alikuwa chini ya udongo mwaka wa tano sasa, na aliyemweka huko ni Rosnani: gari lake, mvua, na macho yaliyotoka barabarani kwa muda wa kusoma ujumbe mmoja kwenye simu. Alipoyarudisha, pikipiki ya Zaleha ilikuwa tayari chini ya bampa. Mahakamani, siku zote tatu, hakuinua uso. Akafungwa mwaka mmoja.

Alipotoka gerezani alikwenda kwenye nyumba ya kulelea wazee kumwomba radhi mama wa marehemu, ambaye hakuwa na mtoto mwingine. Maneno alikuwa ameyapanga njia nzima. Alipofika mlangoni, kabla hajafungua kinywa, bibi aliyeketi dirishani akamtazama.

"Zaleha, mbona umechelewa? Njaa inaniuma."

Muuguzi akamvuta Rosnani kando. "Mkubalie tu, dada. Kumbukumbu zake siku hizi zinakuja na kuondoka."

Akamkubalia. Akamshika mkono, wakaenda kula.

Sasa ulikuwa mwaka wa pili, na hawajakosa Jumamosi hata moja. Bi Kalsom ndiye aliyechagua mahali. "Wiki iliyopita tulikula Kihindi kwa Muthu, kwenye jani la mgomba," alikuwa akisema hata kabla hajavaa viatu. "Ile nyingine tulikula vya kwetu kwa Bi Rokiah. Leo zamu ya Padang." Walikwenda kwa teksi, kwa kuwa Rosnani hakushika usukani tena.

Kila "mwanangu" aliyoitwa aliisikia kama kitu alichokwapua mfukoni mwa marehemu. Mabaya zaidi yalikuwa maswali ya zamani.

"Unakumbuka ulivyomwaga mchuzi kwenye harusi ya shangazi yako?"

"Nakumbuka, Mama."

Bi Kalsom humwangalia kidogo, kisha huendelea kula. Mara tatu Rosnani alijiapiza hatarudi. Jumamosi ikifika, alijikuta yuko kwenye mlango uleule, mwavuli mkononi.

Leo mwenye mkahawa, Bi Yusnidar, alitoka jikoni akijifuta jasho, akasimama kando ya meza yao.

"Bi Kalsom, una bahati wewe. Mimi nina mabinti wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kunitoa nikale nje. Eti kwa sababu nina mkahawa!"

"Bahati ninayo," akajibu Bi Kalsom. "Ila ana vidole vya mbao. Tazama wali alivyoutapanya."

Wakacheka wote wawili. Rosnani naye akajaribu kucheka, akakusanya wali uliotapanyika.

Bi Yusnidar aliporudi jikoni, Bi Kalsom alifuta mkono wa kushoto, akafungua mkoba na kutoa kitambaa kilichokunjwa mara nyingi. Ndani yake mlikuwa na bangili ya dhahabu, nyembamba, ya kizamani.

"Ya bibi yako hii. Niliiweka nikuvishe siku ya harusi yako, lakini naona wanaume wanakuogopa. Lete mkono."

Mkono wa Rosnani ukashuka chini ya meza.

"Siwezi."

"Itakubana? Hebu tujaribu."

"Siwezi, Mama. Bi Kalsom. Mimi si Zaleha. Zaleha alifariki. Mimi ndiye niliyemgonga. Nilikuja kukuomba radhi, ukaniita kwa jina lake, nikaona ni rahisi kuliko kusema. Miaka miwili nakudanganya. Nimekaa kwenye kiti chake, nimekula chakula chake. Ukitaka kunipigia kelele, nipigie. Hapahapa, watu wote wasikie."

Mwanamume wa meza ya pili aliyekuwa akitafuna mfupa akaacha. Rosnani aliinamisha kichwa, akangoja.

Hakukuwa na kelele. Alisikia maji tu. Bi Kalsom alikuwa akinawa kwenye bakuli, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka.

"Zaleha nilimwosha kwa mikono hii," alisema. "Nitamsahau vipi?"

Rosnani akainua uso.

"Siku zote tatu mahakamani nilikaa nyuma yako. Siku ile mlangoni, ningekuita Rosnani ungekimbia, na mimi ningebaki kula na nani?"